Je, kuchuna gome la mbuyu kwa ajili ya kusuka kunaua mti?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Dodoma. Marehemu bibi alikuwa akisuka vikapu na kamba kwa nyuzi za gome la mbuyu. Mbuyu aliokuwa akiuchuna bado upo shambani kwetu, una makovu makubwa, na kila mwaka unazaa ubuyu. Mimi na akina mama wenzangu wa kikundi tunataka kuirudia kazi ile, lakini mwenyekiti wetu wa kitongoji ametukataza. Anasema mti ukichunwa gome unakufa, tena mibuyu yenyewe imeanza kupungua. Je, ni kweli tutauua? Kama haufi, tuchune kiasi gani na wakati gani, na nyuzi zinatengenezwaje? Bibi aliondoka sijajifunza."

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuondokewa na bibi.

Nianze na mwenyekiti, kwa sababu ana hoja ya kweli. Angekuwa anazungumzia mninga, mkwaju au karibu mti mwingine wowote wa huku kwetu, ningesimama upande wake. Majani ndiyo yanayotengeneza chakula cha mti, na chakula hicho hushuka mizizini kwa kupitia tabaka la ndani la gome. Ukibambua gome kuzunguka shina lote, umeikata njia hiyo. Mizizi huanza kufa njaa huku majani yakiendelea kuonekana mabichi, ndiyo maana mtu anaweza kuchuna leo, akaridhika kwamba hakuna kilichoharibika, mti ukafa mwaka unaofuata.

Mbuyu hauendi kwa kanuni hiyo. Ni mmoja wa miti michache inayoweza kubambuliwa na kuotesha gome jipya juu ya jeraha, hata pale ilipochunwa kuzunguka shina lote. Mwenzake ni mutuba wa Uganda, ambao Waganda hutengeneza vitambaa kwa gome lake na kuusubiri uote tena, ufundi uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Makovu yaliyoko kwenye mbuyu wa bibi yako ni ushahidi mzuri kuliko maneno yangu: alichuna, mti ukajifunika, na ubuyu mnaendelea kula. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hapana, kuchuna peke yake hakuui mbuyu. Lakini mti unalilipia gome lile kwa gharama kubwa, na kabla hamjashika panga nataka mjue gharama hiyo inatoka wapi, kwa sababu kila ushauri nitakaoutoa mbele unatokana na hapo.

Mti wa kawaida ukiukata, sehemu kubwa ya mbao yake ni chembe zilizokwisha kufa, ngumu, zilizobaki kama mirija ya maji. Shina la mbuyu limejaa chembe hai, laini, zilizoshiba maji na wanga. Ndiyo sababu hakuna fundi seremala anayeutaka. Gome linapoondoka, chembe hai zilizobaki usoni pa jeraha huanza kugawanyika, zinatengeneza ngozi ngumu ya kuzuia maji yasitoke, na chini ya ngozi hiyo gome jipya linajijenga polepole. Kazi hiyo yote hufanywa kwa akiba ya shina. Hakuna chakula cha ziada kinachotoka nje kuja kusaidia.

Sasa fikiria akiba hiyo katika hali ya hewa yetu. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, tangu mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni mikavu. Mbuyu hupukutisha majani yote na kukaa mtupu muda mrefu, kisha huanza kuchipua hata kabla ya mvua kushika. Maji ya kuchipulia huyatoa kwenye shina lake mwenyewe. Ukilikwaruza gome kidogo kwa kucha utaona pia rangi ya kijani chini ya ganda la kijivu: hilo ni tabaka linaloendelea kutengeneza chakula kidogo kwa mwanga wa jua wakati mti hauna majani. Kwa hiyo mnapobandua kipande cha gome, mnauondolea mti kifuniko cha maji yake, mnaupunguzia chakula cha kiangazi, na mnauacha wazi kwa moto wa mashamba wa Septemba na Oktoba. Mti mkubwa wenye afya unaweza kuvumilia hayo ikiwa jeraha ni dogo. Jeraha likiwa kubwa, au likirudiwa kabla halijapona, ndipo mwenyekiti anapoanza kuwa sahihi.

Mfano wa karibu uko Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watafiti waliofuatilia mibuyu ya kule miaka ya 1970 na 1980 waliona ikipungua kwa sababu ya tembo, ambao wakati wa ukame huchana gome, wakaendelea kuchimba shina ndani kutafuta majimaji, mpaka mti unaanguka. Jeraha linafika ndani mno na linarudiwa msimu baada ya msimu. Mfano wa binadamu uko Zimbabwe, katika bonde la mto Save. Watu wa kule wamesuka mikeka ya nyuzi za mbuyu tangu zamani bila shida. Miaka ya 1990 biashara ya kuuzia watalii kandokando ya barabara ilipokua, mibuyu ikachunwa hadi pale mkono unapofika, pande zote, na wachunaji wakarudi kwenye mti uleule gome likiwa bado jembamba. Wataalamu wa misitu wakaanza kuhofia hatima ya miti ile. Ufundi wenyewe ulikuwa uleule wa mababu. Kilichobadilika ni kiasi, na haraka.

Nyongeza moja ya kusikitisha: mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba katika mibuyu 13 mikongwe kuliko yote waliyoipima Afrika, 9 ilikuwa imekufa au imeanguka kwa sehemu ndani ya miaka kumi na miwili hivi iliyotangulia. Mmoja wa Zimbabwe ulikuwa umeishi zaidi ya miaka 2,400. Hawakulaumu uchunaji, walichodhani kuwa kimehusika ni joto na ukame. Nalitaja hili ili mjue kwamba mti unaoonekana hauwezi kushindwa na kitu tayari una mzigo mwingine mabegani.

Basi mchune mti gani? Acheni kabisa mbuyu mchanga. Kipimo changu ni hiki: kama watu wazima wawili wakishikana mikono wanaweza kuuzunguka, huo bado mdogo. Najua gome la mti mdogo ni laini zaidi na linashawishi, lakini mti huo bado unajenga shina na hauna akiba ya kutosha. Acheni pia ule wenye pango kubwa ndani, maana ukuta wake wa uhai ni mwembamba kuliko unavyoonekana kwa nje. Kuna mibuyu inayozaa sana na mingine ambayo kila mwaka hutoa matunda machache tu. Chukueni gome kwenye hiyo isiyozaa sana, kwa kuwa chakula kitakachoponya jeraha ndicho ambacho kingeenda kwenye ubuyu. Mbuyu wa bibi yako unazaa vizuri, kwa hiyo, ingawa najua moyo wako uko pale, ningekuomba msianzie hapo. Na ile inayotumika kwa matambiko haiguswi, hilo wazee wa Mvumi watawaelekeza.

Kabla ya kupiga panga, zungukeni mti na kutazama matundu yote, maana mibuyu yetu ina nyuki wengi.

Kuhusu ruhusa: kama mti uko nje ya shamba lenu, kwenye ardhi ya kijiji au msitu wa hifadhi, zungumzeni kwanza na serikali ya kijiji na ofisa misitu wa wilaya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haizungumzii magogo na mkaa peke yake. Hata kwa mti ulio shambani kwenu, mshirikisheni mwenyekiti. Akija kupima kovu pamoja nanyi atakuwa mlinzi wenu badala ya kuwa mpinzani.

Wakati ninaoupendekeza ni mwishoni mwa mvua, Machi kuingia Aprili. Majani yamejaa, mti unatengeneza chakula kwa wingi, na gome lenyewe limelegea, linabanduka bila kupigwa sana. Mkichuna katikati ya mvua nyingi, jeraha linabaki bichi na ukungu huingia kwa urahisi. Mkichuna Agosti, gome limeng'ang'ania, mnalazimika kutumia nguvu na kuumiza ndani, na mti wenyewe hauna jani hata moja la kuusaidia.

Kipande kiwe kirefu na chembamba, kikisimama. Chakula na maji husafiri juu na chini, kwa hiyo mkanda mwembamba uliosimama unakata njia chache, na mkanda mpana uliolala unakata nyingi, hata kama ukubwa wake ni uleule. Kwa mbuyu wenye mzunguko wa mita nane hivi, chukueni mkanda mmoja wenye upana wa sentimita 30 na urefu usiozidi mita moja, kuanzia juu ya goti. Najua utasema ni kidogo. Lakini gome la mbuyu mkubwa lina unene wa sentimita tano hadi kumi, na ndani yake limepangwa tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo mkanda mmoja ukipasuliwa vizuri hutoa nyuzi nyingi kuliko unavyotarajia.

Kateni mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala kwa panga kali, bila kufika kwenye mti wenyewe. Ingizeni kabari ya mti kwenye kona ya chini, halafu vuteni polepole kuelekea juu. Kama mkono wenu ni mwepesi, bakizeni tabaka jembamba la ndani likiwa limeshika shinani. Jeraha lenye tabaka hilo hupona vizuri zaidi kuliko lililobaki uchi kabisa. Msipake lami, oili chafu wala rangi. Wekeni miiba kuzunguka ili mbuzi wasifike, fyekeni nyasi kavu kabla ya msimu wa moto, mwishowe mwandike tarehe mahali.

Kurudi kwenye mti uleule ni suala la miaka, si miezi, na kila mti una mwendo wake kulingana na mvua ulizozipata. Msitazame kalenda peke yake. Pitisheni kiganja kwenye ukingo wa kovu: gome jipya likiwa bado limezama chini ya la zamani, halijakomaa. Likiwa sawa na la zamani, gumu likibonyezwa, hapo mnaweza kufikiria, na hata hapo ningechukua upande wa pili wa shina kwanza.

Sasa nyuzi, sehemu ambayo naona ndiyo hasa uliyoikosa kwa bibi. Fanyeni kazi gome likiwa bichi, siku ileile. Kwangueni ganda la nje la kijivu mpaka libaki gome la ndani, ambalo ni jekundujekundu na lina nyuzi zinazoonekana kwa macho. Liwekeni juu ya gogo, mlipige kwa nyundo ya mti au mchi. Msitumie nyundo ya chuma wala jiwe lenye kona, kwa kuwa vinakata nyuzi badala ya kuzitenganisha. Pigeni kwa kufuata urefu, mkigeuza mara kwa mara, mpaka nyama laini iliyo katikati ya nyuzi ianze kutoka na matabaka yaachane. Yabandueni moja moja kwa vidole. Matabaka ya nje ni magumu na meusi kidogo, yanafaa kwa kamba za kufungia mzigo na kuchotea maji kisimani. Yale ya ndani zaidi ni meupe na laini, wekeni kando kwa ajili ya vikapu.

Baada ya hapo lowekeni kwa siku moja au mbili ili utomvu na ule utelezi vitoke, kisha mfikiche na kusuuza. Maji ya chumvi ya visima vyetu yanatosha kulowekea, kwa hiyo msimalize maji ya kunywa. Suuzo la mwisho tu ndilo liwe la maji yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi itabaki kwenye nyuzi, itakuwa ikivuta unyevu kila mvua inapokuja, na kikapu kitaota ukungu. Anikeni kivulini penye upepo. Jua kali la Dodoma hukausha haraka, lakini nyuzi zinakuwa kavu za kukatika. Zikishakauka, zichaneni kwa vidole au kitana cha mti, mfunge mafungu, mtundike juu ndani ya nyumba mbali na panya. Siku ya kusuka, zirashieni maji kidogo kwanza.

Kusokota hakuhitaji chombo, ni paja na kiganja. Shika mafungu mawili ya nyuzi yenye unene sawa, yaweke pajani yakiwa yametengana, yaviringishe yote mawili kuelekea goti. Kila moja likishajikaza, yaache yagusane, kisha rudisha kiganja nyuma. Yatajisokota pamoja kwa upande ulio kinyume na ule wa kwanza. Kinyume hicho ndicho kinachoishika kamba bila fundo: kila fungu linataka kujifungua kuelekea upande wake, kamba nzima inataka kujifungua kuelekea upande mwingine, na nguvu hizo mbili zinazuiana. Kamba inayofumuka ukiiachia, mara nyingi imesokotwa upande mmoja tu. Unapounga nyuzi mpya, ingiza kwenye fungu moja kwanza, endelea kidogo, ndipo uingize kwenye la pili. Ukiunga yote mahali pamoja, hapo ndipo kamba itakapokatikia. Mwanzoni paja litawaka. Pakeni majivu kidogo kiganjani, yanasaidia kushika.

Nyuzi za mbuyu ni laini na zinakunjika, na hilo linaamua aina ya kikapu. Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu, aina ya nyasi ngumu za majimaji, husimama vyenyewe kwa kuwa milulu ni mikakamavu. Mkitaka ungo, sinia au kikapu kigumu, mbuyu si nyenzo yake. Nyuzi zake zinafaa kwa kikapu cha begani kinachokunjika kikiwa tupu na kutanuka kikijazwa, kama kiondo cha Wakamba wa Kenya, ambacho nacho zamani kilisukwa kwa nyuzi za mbuyu na za mimea mingine ya porini kabla nyuzi za dukani hazijaenea.

Anzeni na kitako. Tandazeni kamba nene za kusimama zikipishana katikati, nusu zikielekea huku na nusu kule, kisha chukueni kamba mbili nyembamba za kuzungushia. Moja inapita mbele ya kamba ya kusimama, nyingine nyuma, halafu zinapishana kabla ya kufikia kamba inayofuata. Mnazunguka hivyo bila kukoma. Kitako kinapopanuka nafasi zinakuwa kubwa, basi ingizeni kamba mpya za kusimama katikati ya zile za mwanzo. Mkiacha kuingiza, ukuta unaanza kupanda wenyewe. Ukali wa mkono ni jambo la kulinda: anayekaza asubuhi akalegeza jioni atapata kikapu kilichopinda, kwa hiyo kikapu kimoja kisukwe na mtu mmoja mpaka mwisho. Mshikio msiushonee mdomoni tu. Upitisheni ubavuni mpaka chini ya kitako, ukatokee upande wa pili, ndipo kikapu kitabeba debe la mtama bila kung'oka.

Kwa rangi, magome ya migunga iliyokwisha kukatwa kwa ajili ya kuni yakichemshwa hutoa kahawia nzuri. Nyuzi zilizokwisha kunywa kahawia hiyo zikifukiwa kwenye matope meusi yenye madini ya chuma, hugeuka nyeusi. Ni rangi ya kudumu, lakini chuma hudhoofisha nyuzi kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo nyeusi iwe ya mapambo kwenye kamba za kuzungushia, isitumike kwenye kamba za kusimama wala mshikio.

Na hapa nikwambie ninachoamini hasa. Kikundi chenu kisitegemee mbuyu peke yake. Vichaka vya kwetu vina mkonge pori, ule wenye majani manene yenye ncha kali unaoota kwa mashina yanayotambaa chini ya udongo. Huo ni mwenyeji wa hapa, tofauti na mkonge wa mashamba ya Tanga ambao asili yake ni Meksiko na uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Ukikata majani ya nje yaliyokomaa na kuacha moyo, mmea unaendelea kama kawaida. Jani linakwanguliwa juu ya ubao kwa upande usio mkali wa panga mpaka nyama yote itoke, nyuzi zinasuuzwa na kuanikwa kwa saa chache tu. Utomvu wake unawasha, pakeni mafuta mikononi kwanza. Nyuzi zake ni nyeupe, imara, na zinafaa sana kwa mwili wa kikapu. Hata mkonge wa kawaida uliopandwa kama ua unafaa. Sukeni mwili kwa hizo, na nyuzi za mbuyu zibaki kwa mdomo na mshikio, mahali panapogusa mkono na bega, ambapo ulaini wake unahitajika kweli. Mkifanya hivyo, mkanda mmoja wa gome utawatosheleza vikapu vingi.

Chanzo kingine kiko mjini. Tangu serikali ilipohamia Dodoma viwanja vinapimwa kila upande, na mibuyu iliyokuwepo kabla ya ukoo wa mtu yeyote kufika inaangushwa kwa tingatinga ili ujengwe uzio. Inaniuma kila ninapopita. Kama mna viwanja vyenu, nawasihi chora ramani ya nyumba kwa kuupisha mti. Ila ule ambao umekwisha kuanguka na hakuna wa kuuinua, gome lake ni lenu: ombeni kwa mwenye kiwanja, nendeni na mapanga ndani ya siku chache, maana mbuyu uliokufa huoza upesi na kugeuka lundo la nyuzi zilizokwisha kuchacha. Mti mmoja kama huo, ukiwahiwa, unawapa kazi ya msimu mzima na hakuna mbuyu hai ulioguswa.

Limebaki lile neno la mwenyekiti kwamba mibuyu inapungua. Mashambani kwetu utaiona mikubwa, lakini michanga ni ya kutafuta. Sababu moja ni kwamba mche wa mbuyu haufanani na mama yake. Jani la mbuyu mkubwa limegawanyika kama vidole, la mche ni jani moja lisilogawanyika, kwa hiyo mpaliliaji huung'oa akidhani ni gugu. Sababu nyingine ni mifugo. Waonyesheni wenye mashamba mche unavyoonekana, hilo pekee litaokoa mingi. Na kikundi kioteshe michache kila mwaka. Mbegu zina ganda gumu: osheni unga wote, mwagieni maji yaliyochemka, ziacheni zipoe na kulowana humohumo hadi kesho yake, kisha mpande kwenye viriba mwezi Oktoba. Iliyopata nguvu iingie shambani mvua za Desemba zikishashika, iliyo midogo isubiri msimu unaofuata. Shimo na uzio wa miiba viandaliwe kabla mche haujatoka kwenye kiriba, kwa sababu mbuzi akiuona kabla yenu hamtakuta kitu.